Nani Alibaki na Mtoto? Historia ya Akina Mama wa Kariakoo na Bei ya Malezi

Wadau, leo naweka pembeni habari za mastaa. Watu ninaowaandika leo hawana majina, hawana picha kwenye mabango, na hakuna mtaa uliopewa jina lao. Lakini bila wao Kariakoo isingefunguliwa hata siku moja.

Nazungumzia watu waliobaki na mtoto.

Tunapenda sana kusimulia habari za akina mama wapambanaji. Mama aliyeanza na beseni la vitumbua akajenga. Mama aliyeanza na mitandio mitatu Mtaa wa Kongo, leo anafuata mzigo China. Stori tamu, zinatia moyo. Ila kuna swali moja tunaliruka kila mara: wakati huyo mama yuko kwenye biashara, mtoto alikuwa na nani? Na huyo aliyebaki na mtoto alilipwa nini?

Ukilifuatilia hilo swali kuanzia zamani mpaka leo, unapata historia nyingine kabisa ya mji huu. Twende nayo pamoja.

Neno "yaya" lilitoka wapi

Tuanze na neno lenyewe. Kireno kina neno "aia", maana yake mlezi wa watoto. Wareno wakalifikisha India, huko likawa "aya", Waingereza nao wakalichukua. Wanaofuatilia asili ya maneno wanasema yaya wetu anatoka kwenye njia hiyohiyo ya Bahari ya Hindi. Yaani neno lenyewe limesafiri kwa meli kabla halijafika sebuleni kwako.

Lakini kazi ilikuwepo kabla ya neno. Katika pwani yetu, nyumba za wenye nacho zililelewa watoto na wanawake watumwa. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani mwaka 1886, na mle ndani wanawake wanaonyonyesha na kulea watoto wa jumba la kifalme wanaonekana kama kitu cha kawaida tu. Wapo kila ukurasa wa utoto wake, lakini hawasemi chochote kwa sauti yao.

Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922. Si zamani sana hiyo. Kuna bibi wa bibi zetu walikuwa hai. Kwa hiyo tunapoanza hesabu ya gharama ya malezi, tukumbuke kwamba kwa muda mrefu wapo waliolelewa kwa jasho la mtu ambaye hakuulizwa kama anataka na hakupewa hata senti.

Kariakoo inazaliwa, na nyumba yenye uani

Sasa tuje mtaani kwetu. Wajerumani kabla ya Vita vya Kwanza walikuwa wanapanga mji wao kwa rangi: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika nyuma ya uwanja wa wazi wa Mnazi Mmoja. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, eneo hilo likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukafanya kazi yake, na jina likabaki Kariakoo mpaka leo. Angalia hapo, hata jina la mtaa linatokana na watu waliobeba mizigo ya wengine.

Vita ilipoisha, Waingereza wakauendeleza mpango uleule wa kugawa mji. Kariakoo ikawa mji wa Waafrika, na nyumba iliyotawala ni ile tunayoiita nyumba ya Kiswahili. Unaingia mlango wa mbele wenye baraza, unakuta korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, halafu nyuma kuna uani: jiko, choo, kamba za kuanikia nguo, na mara nyingi mti wa kivuli.

Wengi tunaitazama nyumba ile kama nyumba ya kupanga ya watu wa hali ya chini. Mimi nataka uitazame kama kituo cha kulelea watoto.

Fikiria. Vyumba sita, familia sita au zaidi, uani mmoja. Mama wa chumba cha kwanza ameenda kuuza samaki, wa chumba cha tatu anapika maandazi palepale uani, wa chumba cha tano ana mtoto mchanga, hajamaliza arobaini, yupo ndani. Mwenye nyumba, mara nyingi bibi mtu mzima, anakaa barazani na anaona kila anayetoka na kuingia. Mtoto akitambaa kuelekea jikoni, kuna macho sita yanamwona. Akidondoka, anaokotwa na aliye karibu. Akikosea, anachapwa na yeyote, na akienda kushtaki kwa mama yake anaongezewa.

Hakukuwa na risiti wala ada ya mwezi. Ndiyo maana wazee wetu wakikumbuka wanasema zamani malezi yalikuwa bure.

Hapa ndipo natofautiana nao kwa heshima zote. Hayakuwa bure, malipo yake tu ndiyo hayakuwa ya noti. Leo unaniangalizia wangu, kesho naenda kuteka maji nakujazia na ndoo yako. Umenipikia uji wa mtoto, nami Idi ikifika sahani ya kwanza ya pilau inakuja chumbani kwako. Asiyelipa alijulikana haraka sana, na mtoto wake alianza kusikia "nenda kwenu". Ilikuwa ni deni, ila lilizunguka uani bila kuandikwa.

Na wahenga walilijua hilo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo walivyosema. Kwako unaonekana mwepesi kwa sababu hujaubeba wewe.

Mshahara wa kapera

Upande wa pili wa Mnazi Mmoja hadithi ilikuwa tofauti. Kwenye nyumba za Wazungu na za Wahindi wenye uwezo kulikuwa na watumishi, na hapa kuna jambo linalowashangaza vijana wengi: wengi wa watumishi wa ndani enzi za mkoloni walikuwa wanaume. Mpishi mwanaume, dobi mwanaume, na "boi" ambaye angeweza kuwa mzee wa miaka 50 lakini bado anaitwa boi. Kazi ya kushika mtoto ndiyo iliyokuwa na wanawake zaidi, hao mayaya.

Sasa yaya huyo anaamka alfajiri Kariakoo au Ilala, anatembea mpaka Uzunguni kumwogesha mtoto wa bosi. Wa kwake je? Yuko uani kwa yule bibi wa barazani. Au yuko kijijini kwa mama yake mzazi, Uzaramo au Rufiji huko, ambako pesa inatumwa pale inapopatikana.

Mkoloni alilijua hili vizuri na akalifanyia hesabu. Mishahara ya mjini ilipangwa kwa kufikiria mwanaume kapera: chumba kimoja, chakula cha mtu mmoja, basi. Mke na watoto walichukuliwa kwamba wako shamba, wanajilisha wenyewe. Kwa lugha nyepesi, gharama ya kukuza mtoto wa mfanyakazi wa bandarini ilibebwa na jembe la bibi yake kijijini. Yule bibi alikuwa anafidia mshahara ambao mwajiri hakutaka kuulipa, na hakuna kitabu cha hesabu cha serikali kilichoandika jina lake.

Tabia ya "kumpeleka mtoto kwa bibi" tunayoiona ya kwetu kabisa, ya asili, ina sehemu yake iliyokomazwa na mshahara mdogo wa mjini. Mila ilikuwepo, ila njaa iliipa kazi ya ziada.

Ngoma, chama na mikono mitupu

Miaka ya 1950 mji ulikuwa unajaa. Sensa ya 1957 ilihesabu watu kama 129,000 Dar es Salaam nzima. Miaka kumi baadaye, 1967, wamefika kama 273,000. Wanawake walizidi kuja, na walikuja na njia zao za kujisaidia: vikundi vya ngoma kama lelemama. Ukiangalia juujuu unaona sare za kanga na nyimbo za kuchambana. Ukiangalia ndani unaona mfuko wa kusaidiana. Mwenzao akijifungua wanakwenda, akifiwa wanakwenda, akioza mtoto wanachanga.

TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilikuwa ni kupitia vikundi hivi ndipo wanawake wa mji waliingia kwa maelfu. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, ndiye aliyekwenda kuzungumza nao kikundi kwa kikundi. Huyo tunamjua, ana barabara yenye jina lake katikati ya mji. Lakini waliomfuata hatuwajui.

Wanahistoria waliokuja baadaye kuwahoji wanawake wale waligundua kitu ambacho kwangu mimi ni kizito. Wengi hawakuwa wasichana. Walikuwa watu wazima kidogo, wengi walishawahi kuachika, wauza vitumbua, wauza pombe, wenye nyumba, na wengi hawakuwa na watoto wengi wadogo wa kuhudumia.

Unaona mantiki yake? Kampeni ya uhuru ilihitaji mtu anayeweza kutoka usiku kwenda mkutanoni, kupanda lori kwenda mkoani, kuuza kadi za chama mchana kutwa. Mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi hakuweza kirahisi. Kuna wanawake walioipenda TANU kwa moyo wote lakini mchango wao ulikuwa ni kubaki na watoto wa wenzao ili hao wenzao waende mkutanoni. Hao hawana kadi ya kuonyesha.

Uhuru na shule ya vidudu

Baada ya uhuru mambo yalianza kubadilika kwa mtindo wa serikali. Mwaka 1962 ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wake wa kwanza. Moja ya kazi za UWT ilikuwa kufungua vituo vya kulelea watoto mchana. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, wazo hilo likaenda hadi kwenye vijiji vya ujamaa: mama aende shamba, watoto wakae pamoja chini ya mwembe na mlezi, wanywe uji.

Mjini zikashika kasi chekechea, au kama tulivyoziita mtaani, shule ya vidudu. Nalipenda sana hilo jina. Linaonyesha tulivyowaona: vitu vidogo vinavyotembeatembea, ukiviweka pamoja vinapiga kelele.

Sheria nazo zikaja. Mwaka 1975 sheria ya ajira ilirekebishwa ili mwanamke aliyeajiriwa apate likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, awe ameolewa au hajaolewa. Hilo la "hajaolewa" lilikuwa jambo kubwa kwa wakati ule. Mwaka 1981 ikatungwa sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, ili vituo visajiliwe na vikaguliwe.

Lakini kuna mabadiliko mengine ambayo nayaona yaligusa malezi kuliko sheria zote hizo, na hayakuwa hata ya malezi. Ni elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto aingie darasani, na Sheria ya Elimu ya 1978 ikafanya kuandikishwa na kuhudhuria kuwa lazima.

Jambo jema sana. Ila jiulize, kabla ya hapo dada mkubwa wa miaka tisa alikuwa anafanya nini mchana? Alikuwa amembeba mdogo wake. Huyo ndiye aliyekuwa yaya wa bei nafuu kuliko wote. Serikali ilipompeleka shule, ilimpa haki yake, na hapohapo nyumba ikabaki na pengo.

Pengo likazibwa na nani? Na dada wa nyumba nyingine. Miaka ile nafasi za sekondari zilikuwa chache mno. Wasichana kwa maelfu walimaliza darasa la saba wakiwa na miaka 14 au 15, wanajua kusoma na kuandika, hawana pa kwenda. Basi la kuja Dar likawa ndiyo sekondari yao.

Beki tatu

Hapa tunafika kwa mtu ambaye kila msomaji wangu anamjua. Dada wa kazi. Hausigeli. Mtaani wakamwita beki tatu, wala si mchezaji wa Simba wala Yanga, ingawa klabu zote mbili zina makao yao humuhumu Kariakoo.

Miaka ya 1980 uchumi ulikaza. Maduka yalikuwa matupu, foleni za unga na sukari, mshahara wa mwezi hauvuki wiki mbili. Familia ambazo zamani zilitegemea mshahara wa baba zikaanza kutegemea miradi ya mama. Maandazi, barafu, ufugaji wa kuku, ushonaji, na wale tuliowaita mama ntilie ambao leo ni mama lishe. Hata wanawake wenye kazi ofisini walikuwa na mradi wa pembeni. Mwaka 1983 ilikuja sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi inayotambulika wakawa wanakamatwa na kurudishwa vijijini, lakini biashara ndogondogo hazikufa. Zingekufaje wakati ndizo zilizolisha mji?

Mama akitoka, lazima mtu abaki. Kazi ya ndani, ambayo enzi za ukoloni ilikuwa ya wanaume kwa kiasi kikubwa, ikawa ya wasichana. Na haikuwa tena ya Uzunguni. Mwalimu wa shule ya msingi alikuwa na dada. Muuza duka alikuwa na dada. Hata mama anayepanga chumba kimoja na sebule alikuwa na dada, analala sebuleni, anaamka wa kwanza, analala wa mwisho.

Aliitwa "mtoto wa ndugu". Mara nyingine kweli alikuwa ndugu, mtoto wa shangazi au binamu kutoka Iringa, Singida au Tanga. Na hapo ndipo ujanja ulipokaa. Ukimwita ndugu, humpi mshahara, unampa "matunzo". Kanga mbili, mafuta, nauli ya Krismasi au Idi, na ahadi ya kupelekwa kujifunza cherehani. Wapo waliopelekwa kweli, leo mafundi wakubwa. Na wapo waliokaa miaka minane wakarudi kwao na begi lilelile.

Siandiki hivi ili kuwahukumu akina mama zetu. Mama mwenyewe alikuwa anakula mlo mmoja ili duka lisife. Nataka tu tuone mnyororo: mkoloni alimbana mfanyakazi, bibi wa kijijini akalipa. Uchumi ukambana mama wa mjini, binti wa kijijini akalipa. Kila mara mzigo ulikuwa unashuka kwa aliye chini zaidi.

Uani unajengewa ghorofa

Kuanzia miaka ya 1990, biashara ilipofunguliwa, kiwanja cha Kariakoo kikawa dhahabu. Nyumba za vyumba sita zikaanza kubomolewa moja baada ya nyingine. Leo unatembea Mtaa wa Sikukuu, Narung'ombe, Mchikichi, Aggrey, unaangalia juu ghorofa saba, nane, kumi. Chini maduka, juu stoo na vyumba vya kupanga.

Wenyeji wengi waliuza au waliingia ubia na wajenzi, wakahamia Mbagala, Gongo la Mboto, Chanika, Kimara. Nyumba nzuri zaidi pengine, ukuta na geti. Lakini geti lina kazi mbili. Linazuia mwizi, na linazuia jirani kumwona mtoto wako akianguka.

Biashara ikabaki Kariakoo, mtoto akahamia mbali. Mama anatoka Chanika saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku. Kumbeba mtoto kwenye daladala la asubuhi anajua yeye na Mungu wake. Wanaofika naye sokoni wanamlaza kwenye boksi chini ya meza, juu ya furushi la mitumba. Jua, vumbi, mikokoteni, pikipiki. Julai 2021 soko kuu liliposhika moto usiku, tulimshukuru Mungu kwamba haikuwa mchana, na kila mwenye kulala na mtoto chini ya meza alielewa kwa nini.

Halafu Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo. Taa zikawekwa, wafanyabiashara wakaambiwa wafanye kazi usiku na mchana. Safi sana kwa uchumi. Lakini kwenye hotuba zile mimi nilikuwa nasubiri mtu aseme neno moja tu: mama akifungua duka saa nane usiku, mtoto yuko na nani?

Hesabu ya leo, tusidanganyane

Tuweke namba mezani. Agizo la kima cha chini cha mshahara lililoanza Januari 2023 lilisema hivi: mfanyakazi wa ndani wa kawaida anayeishi kwa mwajiri alipwe angalau shilingi 60,000 kwa mwezi. Asiyeishi kwa mwajiri, yaani anakuja na kurudi kwake, 120,000. Mfanyakazi wa sekta ya biashara, kwa mfano muuza duka, 150,000. Kuanzia Januari 2026 viwango vimepandishwa tena, lakini mimi nataka uone uwiano.

Muuza duka wa 150,000 akimwajiri dada wa kuja na kurudi kwa haki, anabaki na 30,000. Nauli haijatoka, chakula hakijatoka. Akimchukua wa kukaa naye, anabaki na 90,000, lakini anaongeza mdomo wa kulisha na mtu wa kulala kwenye chumba ambacho tayari kimejaa.

Tuseme wewe si mwajiriwa, unauza mitandio barabarani na faida yako ni 12,000 kwa siku, siku 26. Hiyo ni 312,000. Dada wa 60,000 anachukua karibu shilingi moja katika kila tano unazozipata. Inawezekana, kwa kujibana. Ila ikija mvua wiki nzima au mgambo wakikuondoa barabarani, yeye bado anakudai.

Na sheria je? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Sheria ya Mtoto ya 2009 imefuta ile ya vituo ya 1981 na kuweka utaratibu mpya. Sera ya elimu ya 2014 ikafanya darasa la awali kuwa la lazima, na tangu 2016 halina ada. Yote mazuri. Lakini anayeuza mitandio hana mwajiri wa kumpa siku 84. Bosi wake ni yeye mwenyewe, na huyo bosi ana roho ngumu kuliko wote. Darasa la awali nalo linamwachia mtoto mchana, wakati mama ndiyo kwanza biashara imechanganya.

Kitu kingine: hao mabinti wa darasa la saba siku hizi wapo sekondari, kwenye shule za kata. Hilo ni ushindi. Maana yake pia dada wa bei ya kutupwa anapungua, na anayekuja anajua thamani yake. Kwa hiyo bei ya malezi itazidi kupanda, na kusema kweli ilipaswa kupanda. Tulikuwa tunaila kwenye ujana wa mtu.

Historia inatupa njia gani?

Sipendi kumwacha msomaji na huzuni tu. Nimetazama hizi enzi zote, na mambo yaliyofanya kazi yanafanana.

La kwanza, uani. Nyumba imebomolewa lakini wazo lake lipo. Akina mama watatu au wanne wanaouza jirani wanaweza kumlipa mlezi mmoja mtu mzima, akakaa na watoto kwenye chumba kimoja karibu na sokoni au mtaani kwao. Mkichangia 40,000 kila mmoja mkiwa wanne, mlezi anapata 160,000, na hakuna aliyeumia. Lakini watoto wasizidi uwezo wake wa kuwaona wote. Na mkianza kupokea watoto wa watu wengine, hapo ni kituo, nendeni ustawi wa jamii mkasajili.

La pili, ngoma. Leo tunaita kikoba, mchezo, upatu. Vingi tunavichezea kwa ajili ya mtaji, sare za harusi na vyombo. Tengeni mfuko wa uzazi humohumo, ili anayejifungua asilazimike kurudi barabarani mtoto akiwa na wiki tatu. Bibi zetu wa lelemama walifanya hivyo bila simu wala benki.

La tatu, chuo. Kariakoo ina madrasa nyingi, na tangu zamani watoto wakitoka shule mchana wanaingia chuoni mpaka jioni. Dini wanajifunza, na mama anapata saa tatu za kujua mtoto yuko mikononi mwa nani. Makanisa nayo yana chekechea zao. Ulizia mtaani kabla hujalipa kituo cha bei ya Masaki, ila fika wewe mwenyewe, kaa, ona wanavyokaa.

La nne, baba. Katika historia yote hii niliyoisimulia, umemwona wapi? Mkoloni alimfanya kapera kwenye karatasi, na wengine tukaikubali hiyo karatasi mpaka leo. Kama mama anafungua usiku, baba anaweza kubaki na mtoto. Haiandikwi popote kwamba hawezi.

Na la mwisho ni kwa wenye mji. Soko lina choo, lina maegesho, lina ofisi ya ushuru. Mwaka 2021 serikali ilizindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto tangu kuzaliwa mpaka miaka minane. Basi chumba kimoja cha watoto ndani ya soko, chenye mlezi na maji safi, kiingie kwenye ramani kama choo kilivyoingia. Akina mama wanalipa ushuru kila siku, hawaombi msaada.

Yule bibi wa barazani, yule yaya aliyevuka Mnazi Mmoja alfajiri, yule binti aliyelala sebuleni: hao ndio walioijenga Kariakoo pamoja na wenye maduka. Kama kuna mmoja wao nyumbani kwako sasa hivi, mwezi ukiisha mlipe siku ileile, kabla hajaomba.

Haya, uwanja ni wenu. Wewe ulilelewa na nani mama akiwa kwenye mihangaiko? Niandikieni hapo chini, na safari hii tuwataje kwa vile tulivyowaita: Bibi, Dada, Mama Mwenye Nyumba.